Msaidizi mwaminifu na uovu wa rafiki yake: kwa nini huwa anakubali?

Wakuu, salaam.

Kashfa ya mkubwa yeyote ikilipuka, watu wote humtazama yeye. Mimi humtafuta aliyesimama nyuma yake: katibu, mshauri, mlinzi, mhasibu, swahiba wa tangu ujana. Yule aliyeandika barua, akapeleka bahasha, akapokea simu na kusema "mzee yuko kikaoni" huku anajua fika mzee yuko wapi. Ukimchunguza mtu huyu, mara nyingi hana historia ya ubaya. Ni mchapakazi, hana makuu, wanaomfahamu wanamsemea vizuri. Na alichoambulia kwenye uovu wenyewe kilikuwa kidogo, au hakikuwepo kabisa. Sasa alikubali kwa nini?

Wengi tutajibu upesi: njaa na woga. Hayo yapo, sibishi. Ila hayatoshi, maana wapo waliokuwa na elimu nzuri, wangeweza kupata kazi kwingine kesho yake, hakuna aliyewatishia chochote, na bado wakafuatana na rafiki yao hadi jela. Hao ndio nimewaleta leo tuwajadili.

Ninavyoamini mimi, msaidizi mwaminifu haulizwi hata siku moja kama yuko tayari kutenda uovu. Anaulizwa kama yuko pamoja na mwenzake. Angeulizwa lile la kwanza, angekataa bila kupepesa macho. La pili jibu lake alishalitoa miaka mingi nyuma, pale alipoajiriwa akiwa hana kitu, alipositiriwa aibu yake, au waliposota pamoja. Kwa hiyo siku yenyewe ikifika hakai kupima. Anatimiza ahadi aliyokwishaiweka.

Mfano ninaourudia sana kuusoma ni wa Egil Krogh. Alikuwa mwanasheria kijana katika Ikulu ya Marekani enzi za Rais Richard Nixon. Aliyemvuta huko ni John Ehrlichman, mshauri wa rais, ambaye alikuwa rafiki wa familia yake na alishafanya naye kazi kwenye ofisi yake ya uwakili kule Seattle. Kwa Krogh, Ehrlichman alikuwa zaidi ya bosi, alikuwa mlezi. Na Krogh alikuwa mnyoofu kiasi kwamba wenzake walimtania kwa kumwita Krogh Mwovu, kwa vile hakuna aliyeweza kumdhania hivyo.

Mwaka 1971 Daniel Ellsberg alivujisha nyaraka za siri kuhusu vita vya Vietnam. Nixon akawaka. Julai mwaka huohuo kikaundwa kikosi kidogo cha kuziba mianya ya siri, wenyewe wakajiita mafundi bomba, na Krogh akapewa kukiongoza pamoja na mwenzake, David Young. Alikuwa na miaka 31. Likaja wazo la kuingia kwa siri kwenye ofisi ya Dkt. Lewis Fielding, mtaalamu wa magonjwa ya akili aliyewahi kumtibu Ellsberg, ili wapekue mafaili ya mgonjwa na kupata cha kumchafulia jina.

Naomba tuiangalie karatasi yenyewe kwa karibu. Agosti 11, 1971 Krogh na Young walimwandikia Ehrlichman dokezo. Ndani yake huoni neno wizi wala kuvunja mlango. Unaona pendekezo la operesheni ya siri ya kuyapitia mafaili ya matibabu. Chini pameachwa nafasi ya kukubali na nafasi ya kukataa. Ehrlichman akaweka herufi moja tu, E, penye kukubali, kisha akaongeza kwa mkono wake sharti: wamhakikishie kwamba haitajulikana imetoka wapi.

Hawa ni wanasheria wanaandikiana. Jambo pekee lililowashughulisha kwenye karatasi ile ni kama watajulikana. Krogh alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba maneno "usalama wa taifa" yaliwapofusha, na kwamba hakuna kati yao aliyeuliza kama jambo lenyewe ni halali, au kama ni haki kumfanyia mtu.

Mapema Septemba ofisi ile kule Beverly Hills ikavunjwa. Walichokitafuta hawakukipata. Krogh alipoonyeshwa picha za ofisi ilivyovurugwa alishtuka, kwa sababu alikuwa hajaifikiria kama ofisi ya mtu, yenye mlango na kabati na mgonjwa aliyemwamini daktari wake. Lakini mshtuko ule haukumfanya aseme. Mwaka uliofuata alipohojiwa chini ya kiapo, alidanganya ili kuificha kazi ile. Hapo hakuna aliyemwambia tena "fanya". Alishakuwa anajilinda mwenyewe na rafiki yake kwa pamoja, na ilikuwa vigumu kutenganisha kipi ni kipi.

Haya ndiyo ninayoyaona kwenye kisa hiki, na ningependa mnipinge kama nimekosea. Mezani kwa Krogh palikuwa na mlezi wake, rais wake na kazi aliyotunukiwa. Dkt. Fielding hakuwepo mezani. Rafiki unaijua sura yake, unaijua sauti yake akiwa na wasiwasi, unajua alikutendea nini mwaka ule mambo yalipokukalia vibaya. Anayedhulumiwa ni jina kwenye faili. Mizani imeshainama kabla hujaanza kupima, na mtu mwenye moyo wa shukrani ndiye inayemwelemea zaidi. Hili ndilo linaloniuma: mlango ambao uovu huupitia kumwingia msaidizi ni upande wake bora kabisa. Fadhila, shukrani, utunzaji wa siri, kutomwacha mwenzako. Asiye na fadhila angeondoka mapema.

Halafu kuna wale ambao hawakuanza na shukrani, walianza na deni. Wanaosoma Biblia watamkumbuka Yoabu, jemadari wa Daudi na mtoto wa dada yake. Daudi alimchukua Bathsheba, mke wa Uria, wakati Uria yuko vitani akiuzingira mji wa Raba chini ya Yoabu. Mambo yalipoharibika Daudi akaandika barua: Uria awekwe penye vita vikali, kisha wenzake warudi nyuma wamwache. Barua hiyo aliibeba Uria mwenyewe bila kujua kilichomo. Yoabu akaisoma, akafanya. Wala hakuuliza.

Mimi hunasa zaidi kwenye ripoti aliyoituma baadaye. Alimfundisha mjumbe kabisa: mfalme akikasirika kusikia tumesogelea ukuta na watu wamekufa, mwambie na Uria amekufa. Anajua sentensi hiyo moja itaizima hasira. Huyo si askari aliyepokea amri tu, huyo ameshaingia ndani ya kichwa cha rafiki yake na anajua afunike nini na kwa maneno gani.

Sasa rudini nyuma kidogo. Yoabu alikuwa amemuua Abneri kwa hila, wakati wa amani, na Daudi akamlilia Abneri hadharani, akamlaani Yoabu kwa maneno makali, lakini akamwacha kwenye cheo chake. Daudi alikuwa anajua la Yoabu. Baada ya Uria, Yoabu naye akajua la Daudi. Urafiki wa namna hii ndio mgumu kuliko wote kuuvunja, kwa sababu kila mmoja ameshika kitanzi cha mwenzake na wote wanakiita uaminifu. Funika kombe mwanaharamu apite, lakini makombe yakishakuwa mawili hakuna anayethubutu kuondoka mezani.

Kwa hiyo nauliza: mnadhani msaidizi anapotea wapi hasa? Siku ya jambo kubwa, au zamani kabla yake?

#2
Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi nasema zamani kabla yake, na nitakwambia ni wapi. Ni kwenye tarehe.

Nimefanya kazi za ofisi kwa muda mrefu na haya huwa yanaanza hivi: rafiki yako, ambaye sasa ni mkubwa wako, amechelewa kusaini barua. Anakwambia, "Weka ya juzi basi." Siku mbili tu, hakuna aliyeumia, na kweli alikuwa amekusudia kusaini juzi. Unaweka. Mwezi ujao ni risiti iliyopotea, mnatafuta nyingine ya kufidia. Halafu ni muhtasari wa kikao ambacho wajumbe walikubaliana kwa simu. Siku atakapokuletea la hatari, ukitaka kusema "hapana, huu ni udanganyifu", itabidi ukubali kwamba na ile barua ulidanganya. Kukataa leo ni kujihukumu jana. Watu wengi wanaona afadhali waendelee.

#3
Nakazia hapo juu, na naongeza jambo. Pale Chuo Kikuu cha Yale, kuanzia 1961, mtafiti wa saikolojia Stanley Milgram aliwaweka watu wa kawaida mbele ya mashine, wakaambiwa wampige mtu shoti ya umeme kila akikosea jibu. Mtu yule alikuwa anaigiza, hakuna shoti iliyompata, ila wao hawakujua. Swichi zilikuwa 30, zinaanzia volti 15 na kupanda kwa 15 hadi 450. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho. Hiyo wengi wanaijua. Tazama zile hatua ndogo: hakuna aliyeambiwa aanze na 450.

Lakini kwa mada hii mimi naona toleo jingine lina uzito zaidi. Humo mtu hakubonyeza swichi, alifanya tu kazi nyingine ya kusaidia na mwenzake ndiye akabonyeza. Hapo 37 kati ya 40 walikwenda hadi mwisho. Huyo ndiye msaidizi tunayemzungumzia. "Mimi nilichapa tu." "Mimi niliendesha gari tu." Ukiondoa kidole chake kwenye swichi, dhamiri yake inapumzika ingawa bila yeye kazi isingekwenda.

#4
Naomba nitofautiane nanyi kwa heshima. Mnazungumza kana kwamba uaminifu ni ugonjwa. Mtu akisota na rafiki yake, akala naye, akainuliwa naye, halafu siku rafiki ameteleza amkimbie? Huyo tutamwitaje? Mimi simwamini mtu ambaye ni mwepesi kumwacha mwenzake. Kuna watu wanajificha nyuma ya "dhamiri" kumbe wameona meli inazama. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

#5 (Mleta uzi)
Mkuu #4, hoja yako naiheshimu na sitaki kuipita juujuu, kwa sababu ndiyo hoja ambayo akina Krogh walijiambia.

Wanaojifanya wana dhamiri siku ya mwisho wapo, tena wengi. Nami sina hamu nao. Lakini tutenganishe kumwacha rafiki na kuacha kumfanyia jambo fulani. Rafiki yako akiwa jela, mpelekee chakula. Akilia, lia naye. Akitukanwa kwa uongo, msimamie. Hapo hakuna anayekukataza. Dhiki ni jambo lililompata. Uovu ni jambo analotaka kumfanyia mtu mwingine, na anakuomba mkono. Ukivichanganya hivi viwili, rafiki yako hatakuwa na mtu hata mmoja wa kumzuia.

Maana fikiria upande wa Daudi. Jeshi zima lilikuwa la Yoabu. Kama Yoabu angerudi mjini na barua ile mkononi akamwambia mjomba wake faraghani, "Hii sifanyi," Uria angekuwa hai. Na tunajua Yoabu alikuwa na ulimi, kwa sababu baadaye Daudi alipotaka kuwahesabu watu, Yoabu alimpinga waziwazi. Kwenye hesabu alithubutu, kwenye damu ya Uria hakuthubutu. Sidhani ni woga. Nadhani la Uria lilikuwa la siri na la aibu, na kumpinga rafiki kwenye aibu yake ni kumwambia umeiona. Wasaidizi wengi wanaweza kubishana na bosi kutwa nzima kuhusu bajeti na mipango, lakini likija la aibu wanainamisha macho. Wanamwonea haya yeye badala ya kumwonea huruma atakayeumia.

#6
Kwa sisi Waislamu hili lina jibu lake wazi. Mtume (s.a.w.) alisema umsaidie ndugu yako akiwa anadhulumu au anadhulumiwa. Maswahaba wakashangaa: anayedhulumiwa tutamsaidia, anayedhulumu tutamsaidiaje? Akawaambia, kumzuia asidhulumu ndiyo kumsaidia. Angalia kwamba hakuwaambia wamkimbie. Bado ni ndugu yako, na bado unadaiwa msaada. Kwa hiyo mkuu #4 ana haki ya kudai rafiki asiachwe, na mleta uzi ana haki ya kudai uovu usibebwe. Vyote viwili vinakaa kwa mtu mmoja.

#4 (tena)
Hapo #6 umenifikisha. Lakini bado nina swali, na silileti kwa ubishi. Kumzuia mkubwa ni rahisi kuandika. Msaidizi ni mtu mdogo. Je, yupo aliyewahi kuwa humohumo ndani, karibu na moto, akasema hapana bila kuwa shujaa wa vitabuni?

#7 (Mleta uzi)
Yupo, tena kwenye kashfa ileile. Hugh Sloan alikuwa mhazini wa kamati ya kumchagua tena Nixon. Kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa Ikulu, kijana mtiifu, aliyemwamini rais wake. Alipotakiwa kutoa fedha taslimu nyingi kwa Gordon Liddy, aliyekuwa kwenye kikosi kile cha Krogh na sasa yuko kwenye kamati hiyo, alimuuliza mkubwa wake, Maurice Stans, ni za nini. Stans akamjibu kwamba yeye hataki kujua, na Sloan naye hatakiwi kutaka kujua. Fedha akazitoa. Kwa hiyo hakuwa malaika.

Juni 17, 1972 watu watano wa kundi la Liddy wakakamatwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic kwenye jengo la Watergate. Jeb Magruder, mmoja wa viongozi wa kamati, akamtaka Sloan ataje kiasi kidogo kuliko kile alichotoa kweli. Hapo akagoma. Julai alikuwa ameshajiuzulu. Hakuitisha mkutano na waandishi, hakumtukana mtu. Alikataa tu kutaja tarakimu ya uongo.

Ninachokipenda kwa Sloan ni udogo wa jambo alilokataa. Hakuombwa kuvunja mlango, aliombwa namba tu. Lakini aliona kwamba namba hiyo ataitamka kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu, na kwamba baada ya hapo hatakuwa tena mtu wa nje ya jambo hilo. Magruder mwenyewe alitoa ushahidi wa uongo na akaishia jela. Wote wawili walimpenda rais yuleyule.

Na turudi kwa Milgram wa #3, kuna toleo ambalo mtu alikaa na wenzake wawili kwenye mashine. Wenzake hao walikuwa wamepangwa, wakafika mahali wakagoma kuendelea. Hapo waliofika volti 450 walikuwa wanne tu kati ya 40. Kwa hiyo msaidizi anayetaka kujiokoa atafute mapema mwenzake mmoja humohumo ofisini wa kuweza kumwambia "hili mimi silioni sawa". Wakubwa wenye la kuficha wanajua sana kumwita kila msaidizi peke yake, mlango umefungwa.

#8
Wakuu, nimesoma kimya tangu mwanzo. Nina swali moja. Vipi aliyekwisha kufanya? Aliyeweka tarehe ya juzi, na risiti, na muhtasari, na mengine yaliyofuata. Anatoka vipi bila kumuuza rafiki yake ili apunguziwe yeye?

#9 (Mleta uzi)
Mkuu #8, swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na siwezi kukupa njia isiyo na maumivu. Ninaweza kukwambia Krogh alivyofanya.

Mwanzoni alijitetea kwa lile neno la usalama wa taifa. Baadaye akaona hawezi tena kulisema huku anaamini kwamba haki ya daktari yule ya kutovamiwa ni haki kweli. Novemba 1973 alikiri kosa la kula njama ya kukiuka haki za Dkt. Fielding. Na alifanya jambo ambalo mawakili wengi wangemkataza: alitaka ahukumiwe kwanza, ushahidi autoe baadaye, ili pasiwe na mtu wa kusema amewachongea wenzake apunguziwe adhabu. Kwa njia hiyo alisema ukweli kuhusu Ehrlichman bila kumuuza, kwa kuwa hakuna bei iliyokuwa mezani. Alikaa jela miezi minne na nusu, akafutwa uwakili, na akarudishiwa mwaka 1980. Alipotoka jela alimtafuta Dkt. Fielding, akamwomba radhi ana kwa ana.

Kwa aliyekwisha kufanya, mimi ningemshauri aanze na rafiki mwenyewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Amwambie uso kwa uso: mimi nitasema niliyoyafanya mimi, na nakuambia leo ili nawe upate nafasi ya kusema yako kwanza. Ampe muda wa kweli, si wa kutishia. Na asibebe karatasi wala simu ya kurekodi kwenye mazungumzo hayo. Kisha, rafiki akubali au akatae, siku waliyopanga ikifika aende.